Kimathi wa Jukwaani na Kimathi wa Kizimbani: Kusoma Hadithi za Mapambano dhidi ya Mwingereza bila Kupotea

Kila inapokaribia tarehe 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa nchini Kenya, picha ileile huzunguka kwenye simu zetu. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau waliopigana na Mwingereza msituni miaka ya 1950, nywele zake ndefu zimesokotana, amelazwa kwenye machela na mikono imefungwa pingu. Chini ya picha huwekwa maneno: "Afadhali kufa wima kuliko kuishi kwa kupiga magoti." Kisha ubishi unaanza. Mmoja ataapa kwamba Kimathi aliyasema mbele ya jaji. Mwingine atasema aliyasoma kwenye riwaya. Wa tatu atawaambia wote wawili kwamba riwaya ni uongo mtupu na anayetaka ukweli akasome nyaraka za serikali.

Maneno hayo yana safari ndefu kuliko wabishi wengi wanavyodhani. Yananasibishwa na mwanamapinduzi Emiliano Zapata wa Mexico, na mwanasiasa Dolores Ibárruri aliyatumia Hispania mwaka 1936, miaka 20 kabla ya Kimathi kukamatwa. Hata ikiwa Kimathi naye aliyatamka, hayakuzaliwa kinywani mwake. Lakini hoja ya yule wa tatu inanisumbua zaidi ya suala la nani alisema nini. Amegawa dunia mara mbili, riwaya upande wa uongo na nyaraka upande wa ukweli, na mgawanyo huo ukiufuata utapotea pande zote mbili.

Tuanze na maneno yenyewe. Historia ni maelezo ya yaliyotokea, yanayosimama juu ya ushahidi: barua, ripoti, kumbukumbu za mahakama, mifupa, picha, masimulizi ya waliokuwepo. Mighani ni masimulizi ya jamii kuhusu mashujaa wake. Mtu aliyeishi kweli huenda akaongezewa nguvu, miujiza na maneno kadiri hadithi inavyopita kutoka kizazi hadi kizazi. Riwaya ya kihistoria ni kazi ya kubuni inayomweka msomaji ndani ya wakati uliopita. Mwandishi wake huchota kwenye historia na kwenye mighani, kisha anajaza mwenyewe kile ambacho hakikuandikwa wala kusimuliwa: mazungumzo ya chumbani, hofu ya usiku, harufu ya moshi.

Fikiria mzee aliyefariki. Kuna cheti chake cha kifo, na kuna wasifu unaosomwa na bintiye siku ya mazishi. Cheti kinakupa tarehe na sababu ya kifo. Wasifu unakwambia alikuwa mtu wa namna gani, alivyocheka, alichokuwa akiogopa. Hakuna anayetoka mazishini akilalamika kwamba binti hakutaja namba ya cheti. Lakini binti akisema baba alifia vitani ilhali sote tunajua alifia kitandani, minong'ono itaanza kabla jeneza halijashuka. Msomaji na mwandishi wa riwaya ya kihistoria wamewekeana mkataba wa namna hiyo: jaza palipo wazi, usifute palipoandikwa.

Palipo wazi ni wapi, basi? Nitachukua mfano ninaoupenda kuliko yote.

Mnyazi wa Menza, ambaye baada ya kumzaa mwanawe Katilili aliitwa Mekatilili, aliwaamsha Wagiriama wa pwani ya Kenya mwaka 1913. Waingereza walikuwa wanataka kodi, na walikuwa wanataka vijana wakafanye kazi kwenye mashamba ya wageni. Mekatilili alipita kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba, na watu wakamfuata. Yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaapisha watu kwenye Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, wasishirikiane na serikali. Oktoba mwaka huo wakakamatwa wote wawili na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 wakatoroka. Agosti mwaka huohuo Mekatilili alikamatwa tena, akiwa amekwisha kurudi kwao, na mwezi huo Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Tazama pengo lililopo katikati. Kutoka Kisii hadi nchi ya Wagiriama ni zaidi ya kilomita 600 ukipima kwa mstari ulionyooka, na hakuna atembeaye kwa mstari ulionyooka. Mwanamke ambaye hakuwa kijana, na mwenzake mzee, walivuka nchi za watu wasiojua lugha yao. Walikula nini? Nani aliwapa maji? Je, waliwahi kugombana njiani? Nyaraka zinasema walitoroka na baadaye zinasema walikamatwa. Kati ya hapo ni kimya. Mwanahistoria akifika hapo hana budi kunyamaza naye. Mwandishi wa riwaya anaanzia hapo kazi yake, na akiifanya vizuri tunapata kitu ambacho ripoti ya mkuu wa wilaya isingetupa kamwe: uchovu wa miguu ya Mekatilili.

Sasa linganisha na kisa cha kuku na vifaranga. Simulizi linasema Mekatilili alimjia ofisa Arthur Champion na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Kuku akamdonoa. Mekatilili akamwambia hivyo ndivyo itakavyokuwa ukijaribu kuchukua watoto wetu. Hii ni mighani, na ni mighani yenye akili nyingi, kwa sababu inaeleza mgogoro mzima wa vibarua kwa tendo ambalo hata mtoto analielewa. Mwandishi ana haki ya kuitumia. Msomaji naye ana wajibu mdogo: asiinukuu kwenye mtihani wa historia kana kwamba ni dondoo la kumbukumbu za kikao.

Wengine tumeachiwa dakika chache tu za maisha yao. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai Harry Thuku, mwanasiasa aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Wanaume walipoanza kusitasita, Mary Muthoni Nyanjiru alinyanyua nguo yake hadi mabegani, tendo ambalo kwa desturi za Wagikuyu ni tusi na laana kubwa, akawaambia wanaume wachukue gauni lake wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele. Polisi wakafyatua risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Idadi rasmi ya waliokufa ni 21. Waafrika waliokuwepo walitaja idadi kubwa zaidi. Kuhusu maisha ya Nyanjiru kabla ya siku ile tunajua machache mno. Anayetaka kuandika riwaya juu yake ana dakika moja ya uhakika na miaka mingi ya kubuni. Sioni ubaya wowote. Ubaya ni kumwacha abaki dakika moja tu.

Nakuja sasa kwenye ile imani kwamba nyaraka za serikali ndizo ukweli wenyewe. Hapa inabidi tutulie.

Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) aliyewaongoza Wanandi katika upinzani uliodumu miaka kumi, alikwenda kukutana na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Koitalel aliuawa papo hapo pamoja na watu wake. Wanandi husimulia kwamba alipigwa risasi aliponyoosha mkono kusalimia. Meinertzhagen aliandika kwamba ni yeye aliyetegewa mtego. Uchunguzi ulifanywa mara tatu na kila mara hakupatikana na hatia, ila aliondolewa nchini. Shajara yake ikachapishwa mwaka 1957, zaidi ya nusu karne baadaye, na wasomi wengi hawaiamini tena, kwa kuwa mtu huyo alikuja kugundulika kuwa alighushi hata kumbukumbu zake za kisayansi kuhusu ndege. Mwaka 2006 fimbo za Koitalel zilirudishwa Kenya kutoka kwa familia ya yule aliyemuua.

Mbele yetu kuna maandishi ya muuaji na simulizi la waliofiwa. Kwa nini lile la kwanza liitwe chanzo cha historia na hili la pili liitwe hadithi? Kwa sababu moja lina wino?

Au chukua Hola. Tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya kizuizini ya Hola walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofanyika ikadhihirika walipigwa hadi kufa. Taarifa ile ya maji ilikuwa rasmi kabisa, na bado ilikuwa ya kubuni. Tena si karatasi zote zilizobaki. Ukoloni ulipokuwa unafunga virago, majalada mengine yalichomwa na mengine yalisafirishwa Uingereza kwa siri, yakafichwa Hanslope Park hadi mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoilazimisha serikali ya Uingereza kukiri kwamba yapo. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathiriwa 5,228. Kwa miaka zaidi ya 50, mtu aliyetaka kujua mateso ya kambini alikuwa na njia chache: kumsikiliza bibi yake, kusoma vitabu vya kumbukumbu vya waliofungwa, au kusoma riwaya. Riwaya zilibeba mzigo huo wakati majalada yamefungiwa.

Sisemi kwamba riwaya hushinda daima. Kuna upande wa pili wa sarafu, na hapa ndipo Kimathi anaporudi.

Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 baada ya kupigwa risasi ya mguu. Akashtakiwa Nyeri, na watu wengi hushtuka wakiambiwa kosa lililompeleka kitanzini: kupatikana na bastola na risasi. Si kuongoza vita wala kuua. Sheria za hali ya hatari, ambazo serikali ya kikoloni ilizitumia dhidi ya Mau Mau, zilitosha kumnyonga mtu kwa silaha tu. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Mwaka 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walichapisha tamthilia juu ya kesi hiyo, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina *Mzalendo Kimathi*. Kimathi wa jukwaani haombi kitu. Anaikataa mahakama yenyewe, anaigeuza kesi iwe kesi ya ukoloni. Lilikuwa tendo la ujasiri kuandika hivyo wakati Mau Mau walikuwa bado kundi haramu kisheria. Marufuku hiyo iliyoachwa na wakoloni haikuondolewa hadi mwaka 2003. Kumbukumbu za kesi yenyewe, ambazo kwa miongo mingi zilidhaniwa zimepotea, zilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka 2017. Kimathi wa humo ni mtu aliyejeruhiwa anayepigania uhai wake. Anajitetea kwamba alikuwa njiani kujisalimisha.

Wapo waliosoma hayo wakaona wamesalitiwa. Mimi naona walichanganya mkataba. Watunzi wa tamthilia hawakuahidi kunakili maneno ya mahakamani. Waliandika Kimathi ambaye taifa lilimhitaji, na ukiitazama kazi yao hivyo haina deni. Na Kimathi wa kizimbani hapungui kitu machoni pangu. Mtu aliye mbele ya kitanzi, akihukumiwa kwa sheria za adui, akatafuta njia ya kuishi, bado ni yuleyule aliyeishi msituni miaka ile yote. Pengine riwaya kubwa ya Kimathi ni ile itakayothubutu kuwabeba wote wawili.

Kuna makosa ya aina nyingine ambayo hayana utetezi wa ubunifu, nayo ni ya uvivu. Mhusika wa mwaka 1913 analipa kodi ya kibanda kwa shilingi, ilhali fedha ya wakati ule ilikuwa rupia na shilingi ya Afrika Mashariki haikuja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shujaa wa mwaka 1905 anavishwa kipande shingoni, kile kitambulisho ambacho wakoloni walimlazimisha Mwafrika kukibeba, na sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mnandi wa mwaka 1898 anaapa kuitetea "Kenya". Kenya ipi? Jina hilo lilipewa koloni mwaka 1920, na mpaka mwaka 1902 nchi ya Wanandi ilihesabiwa na Waingereza kuwa sehemu ya Uganda. Mnandi yule alikuwa anatetea malisho yake, ng'ombe wake na watu wake. Ukimpa bendera ambayo haikuwepo, unamnyang'anya sababu yake halisi ya kupigana. Kosa la rupia msomaji anaweza kulisamehe. Hili la bendera ni zito, kwa sababu linabadilisha moyo wa mtu.

Kosa zito kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la kuchora mstari mmoja: Waafrika wote huku, Wazungu wote kule. Riwaya nyingi zilizoandikwa na Wazungu miaka ya 1950 zilimfanya mpiganaji wa msituni kuwa mnyama. Ni rahisi kujibu kwa kumfanya malaika. Lakini nenda Lari, usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Wapiganaji walivamia nyumba za watu waliokuwa upande wa serikali, wakaua, wake na watoto wakateketea kwa moto. Aliyekuwa chifu, Luka Kahangara, aliuawa usiku huo. Kisha polisi na ngati, wale walinzi wenyeji waliopewa silaha na serikali, wakalipiza kisasi na kuua wengine wengi. Magazeti ya wakoloni yalipiga picha za mauaji ya kwanza na kukaa kimya juu ya yale ya pili. Nyuma ya yote palikuwa na ardhi: familia zilizohamishwa kutoka Tigoni kuwapisha walowezi, na uchungu kati ya waliokubali kuhamia Lari na waliokataa. Aliyechora mstari ule tangu mwanzo ni serikali iliyotaka Tigoni. Waliokufa juu yake walikuwa majirani.

Riwaya inaweza kuingia ndani ya nyumba ya ngati na kutuonyesha kwa nini alishika ile bunduki. Hofu? Shamba? Kiapo alichokataa kwa imani yake ya dini? Kuelewa si kusamehe. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika hali ya hatari, walowezi waliouawa hawakufika 40, na takriban watu milioni moja walisukumwa kwenye vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miba. Hesabu hizo zinaonyesha wazi nani alikuwa na nguvu. Lakini katika kijiji kimoja kilekile palikuwa na mama aliyepeleka chakula msituni usiku, na kaka yake aliyelinda lango mchana. Vita vile vilikuwa humo ndani.

Na tukitaja akina mama, kuna dhana kwamba kazi yao ilikuwa kupika na kubeba ujumbe. Wengi walifanya hivyo, na kubeba risasi kwenye kapu la viazi kupita kizuizi cha askari si kazi ndogo. Ila Muthoni wa Kirima aliishi na kupigana msituni mpaka uhuru ulipopatikana, na alipewa cheo cha fildi masho. Riwaya isiyo na mwanamke anayeamua jambo lolote haijasoma historia yake vizuri.

Jina lenyewe Mau Mau nalo lina ukungu. Wengi tumefundishwa kwamba ni kifupisho cha "Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru". Ni maelezo matamu, na ya Kiswahili safi, lakini wanahistoria hawakubaliani juu ya asili ya jina hilo, na maelezo haya yanaelekea kutungwa baada ya jina kuwepo tayari. Wapiganaji walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Mhusika wa riwaya anaweza kuamini kifupisho kile kwa moyo wake wote, kama babu zetu wengi walivyoamini. Msimulizi akikitoa kama ukweli, hapo ameteleza.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama riwaya fulani "ni ya kweli", swali lake ni pana mno. Ulizia kitu kimoja kimoja. Tarehe na mahali vinaweza kukaguliwa. Mhusika mkuu aliishi kweli, au ameshonwa kutokana na watu watatu? Mara nyingi mwandishi mwenyewe anasema kwenye dibaji, zile kurasa mbili tunazoziruka. Mazungumzo karibu yote ni ya kubuni, hata yakiwa na jina la mtu halisi mbele yake, kwa sababu hakukuwa na aliyekaa msituni Nyandarua akinakili kila neno.

Hata pale mahakamani Nyeri, palipokuwa na mtu wa kunakili, aliyenakili aliandika kwa Kiingereza. Kati ya Kimathi na jaji alikuwepo mkalimani. Kila sentensi iliyotoka kinywani mwa Kimathi ilipita kwanza kichwani mwa mtu mwingine, ikageuzwa, ndipo ikaingia kwenye karatasi ambayo leo tunaiita ushahidi. Tunajua alichosema kama mkalimani alivyokisikia. Kikikuyu chake, pale aliposimama au kusitasita, hakimo katika jalada lolote.